Riwaya yako imelala kwenye kaye? Hii ndiyo njia ya kuifikisha kwenye kitabu

Wengi wetu hapa Mashariki tuko na hadithi tuliyoanza kuandika kwenye kaye, halafu ikalala ndani ya sanduku. Kati ya kaye ile na kitabu, kinachokosekana mara nyingi si akili. Ni kurudilia kazi, na kutuma tena baada ya kukataliwa.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, akiwa anakaribia miaka 40. Tuzo ya Nobel ilimfikia 2021. Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa 1981, aliandika kwanza mashairi na michezo ya teatre. Riwaya yake Tram 83 ilitoka Paris 2014, ikapata Tuzo ya Etisalat ya 2015.

Kurudilia maandishi

Maliza kwanza hadithi yote, hata kama haiko nzuri. Ukisahihisha ukurasa wa kwanza kila siku, hautafika mwisho. Nusu saa kila asubuhi inatosha.

Kisha iache wiki chache, uisome kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, sentensi iko na shida. Sikiliza pia watu wako wanavyosema: kama mama wa soko anaongea sawa na mwalimu wa shule, rudilia. Na ukikuta fasi unamhubiria msomaji, kata.

Wape watu watatu waisome. Usiwaulize kama ni nzuri, juu rafiki atasema ndiyo. Uliza: ni fasi gani ulichoka?

Linda kazi yako

Huku kwetu mtu anaweza kukimbia nyumba usiku bila kubeba kitu. Kaye ikiwa moja tu, miaka yote ya kazi inapotea. Piga picha kila ukurasa kwa telefone. Ukipata makuta kidogo, iandikishe kwenye ordinatere, ujitumie nakala kwa imeli. Ile haiungui na nyumba.

Kutuma

Soma kwanza vitabu vya mchapishaji. Anayetoa vitabu vya shule peke yake hatachukua riwaya yako. Wengi wanaomba muhtasari mfupi na sura za kwanza. Fuata masharti yao. Kwa Kiswahili, Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam inachapa riwaya. Ndiyo iliyotoa Peponi, kitabu cha Gurnah kwa Kiswahili, 2022. Fuatilia pia mashindano. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, ilifungulia mlango hata miswada ambayo haijachapwa.

Angalia makuta

Mchapishaji wa kweli analipia kazi ya kutoa kitabu, halafu anakupa sehemu yako kwa kila nakala iliyouzwa. Akikuomba wewe ulipe, ujue unajichapishia mwenyewe. Si haya, lakini uliza bei kwanza, anza na nakala chache, na usitie sahihi kwenye karatasi usiyoielewa.

Ukikataliwa

Jibu la hapana linahusu mswada ule, kwa mchapishaji yule. Kama amekuandikia sababu, isome mara mbili, sahihisha kinachofaa, utume kwa mwingine. Na wakati unangoja jibu, fungua kaye mpya.