Landrova ya Babu na Makarani wa Kaunti Tatu

Aliyekulia Pwani au bara hahitaji kuelezwa Landrova ni nini. Ilikuwa gari ya Bwana Shauri na ya daktari wa wilaya, na baada ya Uhuru ikawa ya chama, ya mkaguzi wa shule na ya mwenye duka aliyebahatika. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Katika miaka ya 1970 ilikuwa ikiunganishwa Thika. Huku Marekani kampuni iliacha kuziuza zile za zamani mwaka 1974, ndiyo sababu wageni wanaoiona picha ukutani kwetu hudhani ni gari ya jeshi.

Ya babu yetu ni ya mwaka 1969. Tangu alipofariki imekaa chini ya mwembe, na kila arusi wajukuu wa Louisville, Columbus na Buffalo hubishana nani ataileta. Basi nimeona niandike historia ya sheria yenyewe, ili mabishano yawe na msingi.

Tangu 1 Januari 1968 magari mapya hapa yalitakiwa kutimiza kanuni za usalama za serikali kuu. Sheria ya mwaka 1988 ilibana sana uingizaji wa magari ya nje, lakini ikaacha mlango mmoja: gari lililotimiza miaka 25 tangu lilipotoka kiwandani huruhusiwa. Kwa upande wa moshi umri ni miaka 21, ila injini iwe ya asili au inayolingana nayo. Hapo ndipo pana mtego kwetu. Ni Landrova ngapi za nyumbani zilizotiwa injini ya dizeli ya Toyota? Anayesaini fomu forodhani bila kufungua boneti anajitafutia makuu. Mwezi Julai 2014 serikali ilikamata Defender zipatazo 40 kwa tuhuma kwamba umri wake haukuwa ule ulioandikwa.

Ushuru nao una kisa chake. Ulaya ilipotoza kodi kuku wa Marekani, Marekani ililipiza mwaka 1964 kwa kutoza pikapu asilimia 25, na kuku walipokwisha kusahauliwa kodi ilibaki. Gari la abiria lilitozwa asilimia 2.5 tu kwa miaka mingi, kwa hiyo viti vya nyuma vina thamani. Mwaka 2025 viwango vilibadilishwa mara kadhaa. Aulizwe wakala wa forodha kabla ya meli kuondoka Mombasa. Udongo nao hauruhusiwi kuingia nchini. Ule wekundu wa shambani, ulioganda chini ya chesisi tangu enzi za babu, lazima uoshwe wote.

Gari likishatoka bandarini, kila jimbo lina mila yake. Louisville huanza kwa sherifu, anayekagua namba, kisha karani wa kaunti hutoa hati ya umiliki pamoja na kibao. Columbus, hati hutolewa na karani wa mahakama ya kaunti, na kibao hutafutwa ofisi nyingine. Buffalo ndiyo ya ajabu: New York haitoi hati ya umiliki kwa gari la mwaka 1972 au kabla yake; karatasi ya usajili ndiyo ushahidi wa mwenye mali. Isipotee!

Jambo moja huwatatiza makarani kote. Namba yenye tarakimu na herufi 17 ilianza na magari ya mwaka 1981. Ya babu ni fupi, tarakimu nane na herufi moja, imegongwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele ya kulia. Isuguliwe kutu mapema na ipigwe picha.

Lakini kizuizi chetu hakiko Marekani. Kitabu cha gari bado kina jina la babu, na maiti haiwezi kutia sahihi. Hakuna karani wa kaunti yoyote atakayepokea karatasi hiyo mpaka mahakama ya nyumbani imtaje msimamizi wa mirathi, na hilo lataka ridhaa ya warithi wote: shangazi wawili walioko kijijini pamoja na sisi wa miji hii mitatu. Shangazi mkubwa amekwisha kutuma salamu kwamba kuku wake hutaga mle ndani, na kwamba yeye hajaulizwa.