Punje Ndogo kwa Ndege Mkubwa: Historia ya Marisau na Choki katika Uwindaji wa Bata Mzinga Marekani

Bata mzinga wa porini, ambaye wataalamu wa viumbe humwita *Meleagris gallopavo*, ni ndege wa Amerika Kaskazini, na dume wake aliyekomaa kwa kawaida hufikia uzito wa kilo 8 hadi 11. Wale wanaofugwa katika nyua za Afrika Mashariki ni wazawa wa jamii ya kusini ya Mexico, iliyokuwa imefugwa na wenyeji kabla ya Wahispania kuivusha bahari na kuipeleka Ulaya katika karne ya 16. Binamu zao wa misitu ya Marekani wamebaki wa porini na kuwa mawindo hadi leo. Kwa kuwa ndege huyu ni mkubwa, mtu angetarajia kwamba kadiri bunduki zilivyoboreshwa ndivyo alivyopigwa kwa risasi kubwa zaidi, lakini mambo yalikwenda kinyume: katika miaka mia mbili hivi, punje alizopigwa nazo zimezidi kupungua ukubwa, huku umbali wa kumpiga ukizidi kuongezeka. Sababu zake zimo kwa sehemu katika ufundi wa bunduki, lakini zaidi zimo katika mabadiliko ya namna ya kuwinda, ambayo yaliihamisha shabaha kutoka kifuani mwa ndege hadi kichwani na shingoni.

Walowezi wa karne ya 18 na wa mwanzo wa karne ya 19 waliwinda kwa bunduki za kushindilia mdomoni, za aina ileile ambayo Afrika Mashariki huitwa gobole, na mwindaji alijipimia mwenyewe baruti, kizibo na marisau. Marisau ni punje za madini ya risasi zinazofyatuliwa nyingi kwa pamoja na kutawanyika hewani, tofauti na risasi moja inayokwenda peke yake. Mtutu wa wakati huo ulikuwa na upana uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu hiyo punje zilitawanyika upesi. Baada ya hatua 30 hivi palikuwa na mapengo makubwa kati ya punje na punje, kiasi kwamba kutegemea kichwa cha ndege kingepatwa kulikuwa sawa na kubahatisha. Wengi walichagua punje nene, za ukubwa uliowekwa kwa ajili ya bata maji wakubwa na hata paa, wakaulenga mwili, wakitumaini kwamba mbili au tatu zingepenya manyoya mazito na mifupa ya mabawa. Wengine walimpiga usiku au alfajiri akiwa bado amelala juu ya mti, desturi ambayo sheria za baadaye ziliikataza karibu kila mahali.

Punje zenyewe zilikuwa na historia yake. Mnamo 1782 fundi bomba wa Bristol, William Watts, alipata hataza ya njia ya kutengeneza marisau kwa kudondosha risasi iliyoyeyushwa kutoka juu sana, ili kila tone lijiviringe lenyewe likiwa hewani na kuganda kabla ya kuangukia maji yaliyowekwa chini. Arseniki kidogo iliyochanganywa katika madini hayo ndiyo iliyolifanya tone liwe la mviringo badala ya kuwa na mkia. Marekani iliagiza marisau yake kutoka Uingereza hadi sheria ya 1807 ya kuzuia biashara ya nje ilipokata njia hiyo, na mwaka uliofuata mnara wa Sparks ukajengwa Philadelphia. Mmoja wa washirika wake, John Bishop, aliyekuwa muumini wa madhehebu ya Quaker yanayokataa vita, aliuza sehemu yake mnara ulipoanza kutumika kwa mahitaji ya vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza. Mnara wa Phoenix wa Baltimore, uliojengwa 1828 kwa matofali na kufikia kimo cha mita 71 hivi, bado umesimama. Juu kabisa ya minara ya aina hii mafundi walimimina risasi ya moto katika chekecheke ya chuma ambayo matundu yake yaliamua ukubwa wa punje, na chini wengine walizitoa majini, wakazikausha, kisha wakaziachia ziteremke juu ya mbao zilizoinama na kuachana kidogo: iliyokuwa duara kamili ilipata kasi na kuruka pengo, iliyokuwa na kasoro ilijikokota na kutumbukia humo, ikarudishwa jikoni kuyeyushwa upya. Uchambuzi huo rahisi una maana kubwa kwa habari inayofuata, kwa sababu punje isiyo duara haiendi sawa, na punje isiyokwenda sawa haina faida yoyote kwa anayelenga kitu kidogo.

Ukubwa wa punje hutajwa kwa namba, na namba ikipanda punje hupungua. Katika utaratibu wa Kimarekani mtu akitoa namba hiyo katika 17 hupata kipenyo cha punje kwa sehemu za mia za inchi, kwa hiyo namba 4 ni sehemu 13, yaani milimita 3.3, namba 6 ni milimita 2.8, na namba 9 ni milimita 2 tu. Upana wa mtutu nao hutajwa kwa geji, ambayo ni idadi ya tufe za risasi zenye upana wa mtutu huo zinazotimiza ratili moja, yaani gramu 454. Geji 12, iliyo maarufu kuliko zote, ina mtutu wa milimita 18.5 hivi.

Kilichobadilisha mambo ni choki. Hili ni jina la sehemu ya mwisho ya mtutu iliyobanwa kidogo sana, chini ya milimita moja katika mitutu mingi, ili kundi la punje likipita hapo lisongamane na kuchelewa kutawanyika. Mvumbuzi wake halisi amebishaniwa kwa muda mrefu. William Pape wa Newcastle aliitaja katika hataza yake ya 1866. Sylvester Roper wa Massachusetts alipata hataza mnamo 1868 ya kipande kinachofungwa mdomoni na kuondolewa. Na Fred Kimble, mwindaji mashuhuri wa bata maji wa Illinois, alidai kwamba aliigundua mwenyewe kwa kujaribu na kukosea. Wote watatu huenda walisema kweli, kwa kuwa wazo la kubana mdomo wa mtutu si gumu kufikirika. Lililo gumu ni kujua pa kubana na kwa kiasi gani. Aliyelitatua hilo na kuliuza kwa ulimwengu ni W. W. Greener wa Birmingham, ambaye bunduki zake zenye choki ziliibuka na ushindi katika majaribio ya hadhara yaliyoandaliwa na gazeti la *The Field* mnamo 1875. Hapo ndipo desturi ya kupima mtawanyo kwa duara la inchi 30 katika umbali wa yadi 40, yaani mita 37 hivi, ilipoimarika, na hadi leo choki inayoitwa kamili ni ile inayoweka takriban asilimia 70 ya punje ndani ya duara hilo.

Hata hivyo hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyekuwa akimfikiria bata mzinga. Choki ilitengenezwa kwa ajili ya bata maji wanaoruka juu na kwa mashindano ya kupiga njiwa waliofunguliwa kutoka tunduni, na ilipofika mikononi mwa wengi, bata mzinga mwenyewe alikuwa anatoweka. Connecticut ilimpoteza mapema, mnamo 1813. Huko Massachusetts wa mwisho anatajwa kuonekana mwaka 1851. Misitu ilikatwa kwa ajili ya mashamba, wawindaji wa sokoni waliwauza kwa mafungu, na hapakuwa na msimu wa kupumzisha ndege. Sheria ya Lacey ya 1900 ilizuia biashara ya mawindo haramu kati ya jimbo na jimbo, na sheria ya Pittman na Robertson ya 1937 ikaelekeza kodi ya bunduki ndefu na risasi kwenye uhifadhi, kwa hiyo kila paketi ya marisau iliyouzwa ilichangia kumrudisha ndege ambaye marisau yalikuwa yamesaidia kummaliza. Kazi ya kuwarudisha misituni ilikwama kwa muda kwa sababu vifaranga waliolelewa vibandani hawakudumu porini. Njia ilipatikana 1951 huko South Carolina, pale nyavu zinazorushwa kwa mizinga midogo, zilizobuniwa kwanza kwa ajili ya ndege wa majini, zilipowanasa bata mzinga wa porini wakiwa hai na wengi kwa mara moja, tayari kuhamishiwa kwingine. Shirikisho la kitaifa la wapenzi wa ndege huyu liliundwa 1973, wakati idadi yao ilikadiriwa kuwa karibu milioni moja na nusu, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 21 walikuwa wamekaribia milioni saba.

Ndege aliporudi, alirudi chini ya masharti mapya, na masharti hayo ndiyo yaliyoamua habari ya marisau. Majimbo mengi yalifungua msimu wa majira ya kuchipua, yakaruhusu kuuawa dume peke yake, ambaye wakati huo hutafuta majike na kuitikia sauti zao. Mwindaji huketi chini akiegemea mti, amejificha kwa nguo za rangi ya majani, huiga mlio wa jike kwa kijisanduku cha mbao au kijiwambo cha mdomoni, kisha husubiri dume amjie mwenyewe. Dume huja kwa miguu, polepole, amefungua mkia na kuvimbisha kifua, na katika hali hiyo mwili wote umekingwa na manyoya na mifupa ya mabawa, wakati kichwa kisicho na manyoya na shingo anayoinyoosha kuchungulia viko wazi kabisa. Kumpiga mwilini humjeruhi, naye aliyejeruhiwa hukimbia na kufia asikoonekana. Kupatwa ubongo au pingili za shingo humwangusha papo hapo. Shabaha ikawa kitu chenye upana wa sentimita chache tu, na kwa shabaha ya namna hiyo punje tatu nene hazina thamani ya punje thelathini nyembamba.

Kuanzia miaka ya 1960 viwanda vilipata vifaa vya kuitikia haja hiyo, ingawa navyo vilibuniwa kwa kazi nyingine. Kikombe cha plastiki kilichozifunika punje ndani ya mtutu kilizuia zile za pembeni zisisuguane na chuma na kuchubuka. Choki za kubadilishwa, zinazokazwa kwa hesi ndani ya mdomo wa mtutu, zilimwezesha mtu mmoja mwenye bunduki moja kuweka mbano wa kawaida wakati wa kuwinda kware na mbano mkali wakati wa bata mzinga. Baadaye punje zilipakwa shaba ili zisibonyezwe na msukumo wa baruti, na katikati yake ikamwagwa plastiki iliyosagwa, ambayo huzituliza kama pumba zinavyotuliza mayai ndani ya kreti. Watengenezaji walizidi kubana hadi milimita 17 na chini yake kwa geji 12, na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba mbano una ukomo: risasi laini ikilazimishwa kupita mahali pembamba mno huharibika umbo, mtawanyo hupata matundu, na choki ya ghali hufanya kazi mbaya kuliko ile ya kawaida. Hakuna jedwali linaloweza kumwambia mtu jambo hilo kabla. Kila mtutu, choki na aina ya risasi vina tabia yake vinapokutana, na mwindaji makini hutundika karatasi umbali wa yadi 40, hupiga mara moja, huchora duara la inchi 10 mahali penye msongamano mkubwa, kisha huhesabu matundu. Kipimo kilichokubalika kwa wengi ni matundu 100 ndani ya duara hilo, yakiwa yameenea kichwani na shingoni mwa picha ya ndege iliyo kwenye karatasi. Desturi hii ya kuhesabu ilizaa hata mashindano, ambamo mshindi ni yule mwenye punje nyingi zaidi katika duara la inchi 3 tu.

Mwaka 1988 kampuni za Mossberg na Federal zilileta risasi ya geji 12 yenye urefu wa inchi tatu na nusu, iliyobeba marisau mengi kuliko yoyote ya geji hiyo iliyotangulia. Ilisifiwa sana, ingawa mshindo wake begani ulimfanya mpigaji afumbe macho kabla ya kufyatua, na ufanisi wake ulitegemea kuongeza uzito tu.

Hatua iliyofuata ilitokana na sumu ya madini ya risasi. Bata maji humeza punje zilizozama matopeni, wakidhani ni changarawe za kusagia chakula katika firigisi, na kufikia 1991 serikali ya shirikisho ilikuwa imepiga marufuku madini hayo katika uwindaji wa ndege wa majini kote nchini. Bata mzinga hakuhusika, lakini utafutaji wa madini mbadala ulimfikia. Chuma cha pua na cha kawaida kilikuwa chepesi mno. Tungisteni ikawa jibu, kwa kuwa punje iliyotengenezwa kwayo huweza kufikia uzito wa gramu 18 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali risasi haizidi 11 na nusu. Punje ndogo ya tungisteni huhifadhi kasi na hupenya mfupa kama punje ya risasi iliyo kubwa zaidi. Waliokuwa wakijitengenezea risasi nyumbani waliijaribu kwa miaka kadhaa kabla ya Federal kuiuza madukani mnamo 2018 katika namba 7 na namba 9. Hesabu yake yatosha kueleza shauku iliyozuka: gramu 50 za risasi ya namba 4 zina punje kama 236, za namba 6 karibu 400, na za tungisteni ya namba 9 zaidi ya 600.

Bei ni kubwa, kiasi kwamba risasi moja hugharimu dola kadhaa, na mabishano hayajaisha kuhusu wale wanaoitumia kumpiga ndege aliye mbali kupita kiasi badala ya kumwita akaribie, kwa maana ufundi wa kuita ndio uliokuwa kiini cha msimu wa kuchipua. Sheria nazo zililazimika kujirekebisha. Majimbo kadhaa yalikuwa yameweka mpaka wa juu wa ukubwa wa punje, hasa kwa usalama, kwa sababu mwindaji aliyejificha na kutoa mlio wa jike huweza kudhaniwa ndege na mwenzake, na punje nene huumiza mtu kutoka mbali. Baadhi yalikuwa pia na mpaka wa chini, uliowekwa enzi za madini ya risasi, na mpaka huo ulipaswa kushushwa ili namba 9 iruhusiwe. Bunduki ya .410, yenye mtutu wa milimita 10.4, iliyokuwa ikidharauliwa kuwa ya watoto na ya kufukuzia wanyama waharibifu shambani, sasa huuzwa ikiwa na choki yake ya bata mzinga, na katika baadhi ya majimbo ambako zamani ilikuwa marufuku kwa ndege huyo, kanuni zimebadilishwa kuiruhusu.