Uhandisi wa Nyumbani Katika Miteremko ya Kilimanjaro

Utajapo uhandisi wa Kilimanjaro, fikira za wengi huelekea kwenye mifongo, yaani mifereji ya Wachaga iliyoteremsha maji ya mlima hadi vihambani tangu kabla ya Wazungu kufika huko katika karne ya 19. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini kuchimba na kutunza mifongo ilikuwa kazi ya wanaume, na sifa ikaishia pale maji yalipofika kihambani. Kilichofuata kilikuwa mikononi mwa wanawake, nacho hakikuitwa ufundi.

Mfano ni mbege. Ndizi mbivu hupikwa, huachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchujwa. Ulezi hulowekwa, huoteshwa hata ukawa kimea, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji, ndipo huchanganywa na maji ya ndizi. Gome la msesewa hutia uchungu. Kuota huamsha ndani ya punje nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo ichachukayo ikawa pombe. Asiyejua kukisia joto na siku huharibu chungu kizima. Kiwandani, msimamizi wa kazi kama hiyo huitwa mhandisi. Kihambani aliitwa mama tu.

Huko Marekani, Lillian Gilbreth (1878–1972), mhandisi mwenye shahada ya udaktari, alipima mwendo wa mpishi jikoni, akathibitisha kuwa kazi ya nyumbani yaweza kuchunguzwa kama ya kiwandani. Lakini mwaka 1983 mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan alionyesha kuwa vyombo vipya havikumpumzisha mama: vilipunguza kazi za wengine nyumbani, yeye akabaki na zake.

Hoja hiyo yaingia Kilimanjaro barabara. Mashine ya kusaga ilimtua mwanamke jiwe la kusagia, ikamtwika safari na ada. Fedha ya ada ilitoka wapi? Malipo ya kahawa, ambayo ushirika wa KNCU uliisimamia tangu 1933, aghalabu yalipokewa na mwanamume mwenye kihamba. Vivyo hivyo gesi ya samadi, iliyoenezwa na CAMARTEC, kituo kilichoanzishwa Arusha mwaka 1981. Ng'ombe wa Kichaga hulishwa zizini, basi samadi i karibu, na gesi huokoa kuni na macho. Walakini samadi haina budi kuchanganywa na maji, na ng'ombe hutaka majani, ambayo wanawake wameyapandisha kichwani kutoka tambarare. Mzigo ulipungua upande mmoja, ukasalia upande wa pili.

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na leo wanawake wamo miongoni mwa wahandisi wa nchi. Faida ya kuwamo kwao si hesabu ya vichwa peke yake. Neno mhandisi lina asili ya Kiarabu, nalo lahusu elimu ya vipimo. Apimaye mtambo bila kumpima atakayeuchotea maji amepima nusu. Na nusu iliyobaki, wanawake wa mlimani wameipima kwa shingo zao miaka mingi.