Saa Inayoanzia Shambani: Ratiba ya Usindikaji wa Chai katika Milima ya Usambara hadi Kufungwa kwa Kiwanda cha Mponde, 2013

Historia ya chai ya Usambara inaweza kuelezwa kwa kufuata umiliki wa ardhi. Inaweza pia kuelezwa kwa kufuata muda. Makala haya yanajenga hoja kwamba anayemiliki hatua isiyoweza kusubiri ndiye anayeshika hatima ya wazalishaji wengine wote.

Wajerumani walilijaribu zao hilo katika kituo cha utafiti cha Amani mwanzoni mwa karne ya 20. Uzalishaji wa kibiashara nchini ulianza mwaka 1926. Katika mashamba makubwa, kiwanda kilijengwa shambani humohumo, kwa sababu jani huanza kubadilika mara tu linapochumwa. Likishindiliwa au kucheleweshwa, hupata joto, huwa jekundu na kupoteza thamani.

Kiwandani, hatua hufuatana bila kubadilishana nafasi. Jani hunyaushwa kwa takriban saa 12 hadi 18, husokotwa au kukatwa, huachwa lichachuke, hukaushwa hadi kubaki na unyevu wa takriban asilimia 3, kisha huchambuliwa kwa madaraja. Hata hivyo, hatua hizo hazina uvumilivu sawa. Unyaushaji unaweza kurefushwa au kufupishwa kwa saa kadhaa, hivyo ndio unaosawazisha mizigo iliyowahi na iliyochelewa. Jani likishakatwa, nafasi hiyo hutoweka: uchachukaji huhesabiwa kwa dakika, na mashine ya kukaushia isipokuwa tayari chai huharibika. Kwa sababu hiyo ratiba hupangwa kinyumenyume. Uwezo wa kukausha huamua kiasi cha kukata, na kiasi cha kukata huamua kiasi cha kupokea.

Baada ya Uhuru, Mamlaka ya Chai Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilipanua kilimo cha wakulima wadogo. Kiwanda cha Mponde, huko Bumbuli wilayani Lushoto, kilitegemea wakulima waliotawanyika miteremkoni. Ratiba ikavuka kuta za kiwanda: mchumaji, kituo cha kukusanyia, lori na barabara ya udongo vikawa sehemu ya usindikaji. Masika yalizidisha majani na papo hapo kuzifanya barabara kuwa ngumu kupitika. Mzigo mkubwa kuliko wote ulikutana na njia mbovu kuliko zote.

Mwaka 2013 kiwanda hicho kilifungwa kufuatia mgogoro baina ya wakulima na uendeshaji wake, kikakaa kimya kwa miaka kadhaa. Mkulima wa mahindi huweza kuweka zao ghalani akisubiri soko. Mkulima wa chai hana ghala la majani mabichi. Kichaka kisipochumwa hurefuka kuelekea kuwa mti, na kukirejesha hudai kupogoa na kungoja.

Kwa hiyo mgogoro wa Mponde haukuwa wa umiliki pekee. Ulidhihirisha kwamba katika mnyororo usiovumilia kuchelewa, gharama ya kusubiri humwangukia aliye mwanzoni, ambaye hana mashine ya kukaushia.