Ubadilishaji wa vipimo vya mapishi

Ubadilishaji wa vipimo vya mapishi ni hesabu ya kugeuza kiasi cha unga, sukari, mafuta au kiambato kingine cha chakula kutoka ujazo (kikombe, kijiko, mililita) kwenda uzito (gramu, kilogramu), au kinyume chake. Hakuna namba moja inayofaa kwa vyakula vyote, kwa sababu kila kimoja kina densiti yake.

## Vipimo vya ujazo

Kijiko cha chai huhesabiwa kuwa mililita 5 na kijiko cha chakula mililita 15, ila nchini Australia kijiko cha chakula ni mililita 20. Kikombe cha kupimia nacho hutofautiana: Marekani ni takriban mililita 237, Australia 250 na Japani 200. Kikombe cha kunywea chai si kipimo maalumu. Kinaweza kuwa kidogo au kikubwa zaidi.

Afrika Mashariki nafaka zilipimwa tangu zamani kwa kibaba na pishi, ambapo vibaba 4 ni pishi 1. Hivi pia ni vipimo vya ujazo, sawa na debe na gorogoro vinavyotumika masokoni. Kwa hiyo debe la mahindi na debe la unga hayana uzito sawa.

## Kanuni

Uzito hupatikana kwa kuzidisha ujazo kwa densiti. Mililita 1 ya maji ina uzito wa karibu gramu 1. Mafuta ni mepesi kuliko maji, asali ni nzito zaidi, na unga huwa na hewa nyingi kati ya chembe zake.

Uzito wa kikombe 1 cha Marekani kwa makadirio:

* Unga wa ngano: gramu 125
* Sukari nyeupe: gramu 200
* Mafuta ya kupikia: gramu 218
* Siagi: gramu 227
* Maji: gramu 237
* Maziwa: gramu 245
* Asali: gramu 340

Kwa mfano, keki inayohitaji gramu 250 za unga na gramu 250 za sukari itachukua vikombe 2 vya unga (250 ÷ 125), lakini kikombe 1 na robo tu cha sukari (250 ÷ 200).

## Sababu za tofauti

Namna ya kujaza kikombe hubadilisha uzito. Unga uliochekechwa ni mwepesi; ukishindiliwa, kikombe kilekile kinaweza kufikia gramu 150. Chumvi laini hujaza kijiko vizuri kuliko chumvi ya mawe, ambayo huacha nafasi kati ya punje. Mwaka 1896 Mmarekani Fannie Farmer alichapisha kitabu cha mapishi kilichosisitiza vikombe na vijiko vilivyosawazishwa kwa kisu, na desturi hiyo ilienea nchini mwake. Mizani huondoa tatizo hilo kabisa.

## Umuhimu kwa afya

Kijiko cha chai cha chumvi laini kina takriban gramu 6. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko hicho.

Kipimo kina uzito mkubwa zaidi katika maji ya chumvi na sukari anayopewa mgonjwa wa kuhara pale ambapo pakiti ya ORS haipatikani: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Kijiko kikubwa au kilichojaa kwa kilima huzidisha chumvi, jambo ambalo ni hatari hasa kwa mtoto mdogo. Pakiti ya ORS huwa imeshapimwa kwa gramu. Kinachobaki ni kupima maji kwa ujazo ulioandikwa juu yake.