Uwanja Mtupu Si Bustani: Tokyo na Moto wa 1923

Wenzetu wanaokwenda Japani wakati wa likizo hurudi na picha zilezile: miti ya sakura iliyochanua Ueno, bwawa lenye samaki wa rangi, daraja jekundu. Sizilaumu picha hizo, hata mimi ninazo. Lakini mtu akiniuliza aanzie wapi kuzitembelea bustani za Tokyo, humwambia ashuke kituo cha Ryogoku, mashariki ya mto Sumida, aupite ukumbi wa mieleka ya sumo, kisha atembee kama dakika 10 hadi bustani ya Yokoamicho.

Si bustani ya kupendeza sana. Ina miti ya kiasi, bwawa dogo, mahali pa watoto kuchezea, na jengo kubwa lenye paa kama la hekalu na mnara kwa nyuma. Ndani ya jengo hilo yamehifadhiwa mabaki ya watu wapatao 163,000. Kati yao, 58,000 walikufa katika tetemeko la ardhi la 1923 na moto uliolifuata; waliobaki waliuawa na mabomu ya 1945. Kiingilio hakuna. Mara ya kwanza nilipofika, mzee mmoja alikuwa ameketi ngazini akila mkate, na watoto walikuwa wakifukuzana.

Ili tuelewe kwa nini wafu hao wamo ndani ya bustani, hatuna budi kurudi nyuma kidogo, maana Tokyo ilikuwa imeuonja moto kabla ya hapo. Mwaka 1657, jiji lilipokuwa bado linaitwa Edo, moto uliteketeza sehemu yake kubwa. Watu wengi walikwama ukingoni mwa mto Sumida kwa kukosa daraja la kuvukia. Waliokufa walizikwa pamoja ng'ambo ya mto, na hapo likajengwa hekalu la Ekoin, ambalo lipo hadi leo, mwendo mfupi tu kutoka kituo hicho hicho cha Ryogoku. Serikali ya shogun ilijifunza. Ilijenga daraja, ikabomoa nyumba mahali kadhaa ili kupata njia pana ambazo moto usingeweza kuziruka. Jina la Ueno-Hirokoji, ambalo msafiri hulisoma kwenye ramani ya treni bila kulijali, maana yake ni njia pana ya Ueno, na asili yake ni huko. Tatizo ni kwamba ardhi tupu mjini haikai tupu. Wachuuzi walileta vibanda, wacheza michezo wakaleta maturubai, na baada ya muda nafasi iliyoachwa kwa ajili ya moto ikajaa vitu vya kuungua.

Bustani za umma, kwa maana tunayoijua leo, zilikuja baada ya utawala wa shogun kuanguka. Mwezi Julai 1868 majeshi ya mfalme yalipigana na wafuasi wa mwisho wa shogun pale Ueno, katika viwanja vya hekalu la Kan'eiji. Vita vilichukua siku moja, na sehemu kubwa ya hekalu ikateketea. Serikali mpya iliichukua ardhi hiyo na kutaka kujenga hospitali na chuo cha udaktari. Daktari Mholanzi, Anthonius Bauduin, ndiye aliyeshauri kilima kile na miti yake viachwe viwe bustani. Sanamu ya kumshukuru iliwekwa Ueno mwaka 1973. Baadaye ikagunduliwa kwamba uso uliochongwa ni wa ndugu yake, ikabidi ibadilishwe mwaka 2006. Nimekiweka kisa hiki kwa sababu kinachekesha, na makala hii haina mengine ya kuchekesha.

Amri ya Januari 1873 ilitaja bustani 5 za kwanza za Tokyo: Ueno, Shiba, Asakusa, Fukagawa na Asukayama. Ukiziangalia moja moja utaona kwamba 4 zilikuwa ardhi ya mahekalu, na ya 5, Asukayama, ilikuwa kilima ambacho shogun Yoshimune alikipanda sakura katika karne ya 18 ili watu wapate mahali pa kutembea. Kwa hiyo serikali haikuunda bustani mpya; ilibadilisha mwenyewe tu. Bustani ya kwanza kubuniwa kwa mtindo wa Kizungu, Hibiya, ilifunguliwa mwaka 1903 mahali palipokuwa uwanja wa gwaride. Mbunifu wake, Honda Seiroku, mtaalamu wa misitu aliyesoma Ujerumani, aliapa kwa kichwa chake kwamba mti mkubwa wa ginko uliotakiwa kukatwa ungehamishwa na kuishi. Unaishi hadi leo. Miaka 2 baada ya kufunguliwa, polisi waliyafunga malango ya Hibiya ili kuzuia mkutano wa kupinga mkataba wa amani na Urusi. Watu waliyavunja, ghasia zikaenea jijini na watu 17 wakafa. Tangu mwanzo, basi, swali la nani mwenye bustani halikuwa swali la maua.

Sasa tuje kwenye Jumamosi ile, Septemba 1, 1923. Ardhi ilitikisika dakika 2 kabla ya saa 6 mchana, wakati majiko yamewashwa kwa chakula. Nyumba zilikuwa za mbao, upepo ulikuwa mkali siku hiyo, na moto ukaanza mahali pengi kwa wakati mmoja. Kwa jumla watu wapatao 105,000 walikufa au kupotea, walio wengi kwa moto wala si kwa kuangukiwa na nyumba.

Pale Yokoamicho palikuwa pamehama bohari ya jeshi ya mavazi. Jiji lilikuwa limeinunua ardhi hiyo mwaka uliotangulia kwa nia ya kufanya bustani, lakini kazi ilikuwa haijakamilika. Palikuwa uwanja wazi wa karibu hektari 7 katikati ya vichochoro vya mashariki. Mahali gani pengine pangeonekana salama kuliko hapo? Polisi wenyewe waliwaelekeza watu huko. Wakaja kama 40,000, na kila mmoja alikuja na alichoweza kuokoa: magodoro, makabati ya nguo, mikeka, mikokoteni iliyosheheni. Nani angewalaumu? Mtu anayekimbia moto hubeba mali yake ili kesho asianze na mikono mitupu.

Yapata saa 10 alasiri moto ulikuwa umewazunguka. Cheche ziliangukia mizigo, kisha kikaja kimbunga cha moto, upepo unaozunguka na kunyanyua watu na mikokoteni. Walikufa kama 38,000 katika uwanja huo mmoja, yaani zaidi ya theluthi ya wafu wote wa tetemeko. Nje ya jumba la makumbusho lililomo bustanini humo kumewekwa vyuma vilivyopindwa na misumari iliyoyeyuka ikashikana, na ukivitazama huhitaji maelezo ya kiwango cha joto.

Kutoka hapo panda treni ya chini ya ardhi ya Oedo, vituo 2 tu, ushuke Kiyosumi-Shirakawa. Kuna bustani ya Kiyosumi, ambayo Iwasaki Yataro, mwanzilishi wa Mitsubishi, aliinunua mwaka 1878. Meli za kampuni yake zilileta mawe makubwa kutoka pande zote za Japani, nayo yamepangwa kuzunguka bwawa pana. Mengine yamewekwa majini ili mtu aruke jiwe hadi jiwe huku kobe wakimtazama. Tajiri aliitengeneza kwa ajili ya wafanyakazi wake na wageni wake, si kwa wakazi wa vichochoro vya jirani. Siku ile ya moto watu walikimbilia humo pia. Jumba la Kizungu lililobuniwa na Mwingereza Josiah Conder liliungua, lakini maelfu ya waliokuwa kati ya miti na maji walinusurika.

Moto ulikuwa mmoja, siku moja, na mahali pawili hapa ni jirani. Tofauti ni kwamba Kiyosumi ilikuwa na ukanda wa miti minene inayobaki na majani mabichi, ilikuwa na bwawa, na haikuwa na mlima wa magodoro na makabati. Asakusa nako, hekalu la Sensoji lilibaki pamoja na umati uliojaa viwanjani mwake, kwa msaada wa miti, maji na watu waliopigana na moto. Ueno ilipokea watu wanaokadiriwa kuwa 500,000, na sanamu ya Saigo Takamori iliyoko pale ikabandikwa karatasi za kuulizia ndugu waliopotea mpaka ikafunikwa. Kabla ya 1923 wengi walidhani kinachookoa ni uwazi tu. Wafu wa Yokoamicho walionyesha kwamba uwazi peke yake unaweza kuwa mtego.

Mwaka 1924 familia ya Iwasaki iliipa jiji la Tokyo nusu ya mashariki ya Kiyosumi, iliyokuwa imeharibika kidogo kuliko nyingine, na umma ukafunguliwa mlango mwaka 1932. Leo kiingilio ni yeni 150. Mwaka huo huo wa 1924 familia ya kifalme ilitoa Ueno kwa jiji. Serikali ikajenga bustani 3 kubwa mashariki: Sumida, Hamacho na Kinshi. Lakini kazi ninayoisifu mimi kuliko zote ni ile ya jiji lenyewe chini ya Inoshita Kiyoshi, aliyesimamia bustani zake: bustani ndogo 52, kila moja ikiwekwa ubavuni mwa shule ya msingi iliyojengwa kwa saruji. Siku za kawaida ni uwanja wa watoto. Siku ya moto, shule na bustani ni mahali pamoja pa kukimbilia, na miti pembezoni. Nyingi zimebadilishwa sana tangu hapo. Ile ya Motomachi, ya mwaka 1930, bado inaonyesha sura ya wakati ule.

Je, zilisaidia? Usiku wa Machi 9 kuamkia 10, 1945, ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto juu ya mashariki hiyo hiyo, na watu wapatao 100,000 wakafa. Hakuna bustani iliyopangwa kwa moto unaodondoshwa kutoka juu. Maiti zilizikwa kwa haraka katika bustani zilizokuwa zimejengwa ili kuwaokoa, Kinshi na Sumida zikiwemo. Baada ya vita zilifukuliwa, zikachomwa, na majivu yakapelekwa Yokoamicho kujiunga na ya 1923.

Hata hivyo, si wafu wote wa 1923 waliuawa na moto. Uvumi ulienea kwamba Wakorea wanatia sumu visimani, na wanajeshi, polisi na sungusungu wa mitaa wakawaua kwa maelfu; idadi yenyewe inabishaniwa hadi leo. Mgeni mwenye lafudhi ya kigeni aliyekimbilia uwanjani hakuwa na usalama, uwe na miti au usiwe nayo. Jiwe la kuwakumbuka liliwekwa Yokoamicho mwaka 1973, pembeni, si katikati. Kila Septemba 1 hufanyika ibada mbele yake. Magavana wa Tokyo walikuwa na desturi ya kutuma salamu za maombolezo kwenye ibada hiyo. Tangu 2017 gavana ameacha kuzituma, akisema anawakumbuka wafu wote kwa pamoja katika ibada kuu.

Ukitembelea bustani za Tokyo siku hizi, chungulia chini ya mabenchi. Baadhi yake, ukiondoa ubao wa kukalia, ni majiko. Kuna mifuniko ya mashimo inayogeuka vyoo baada ya kusimamishiwa hema, na matangi ya maji chini ya nyasi. Katika bustani moja niliwakuta akina mama wa mtaa wakifanya zoezi: walifungua benchi, wakawasha kuni, wakapika supu ya miso kwenye sufuria kubwa. Walinigawia bakuli. Pembeni ya jiko walikuwa wamepanga ndoo za maji, na mmoja wao kazi yake yote ilikuwa kusimama pale na kuutazama moto.