Mji wa Kisii una historia pana, tatizo ni nani wa kuisimulia

Kiswahili hakijamtendea haki mtu anayelipwa kuwazungusha wageni mjini na kuwaeleza wanachokiona. Chukua neno la Kiingereza la kazi hiyo, ulitamke kwa ulimi wetu wa Kibantu, utapata 'gaidi', na gaidi katika kamusi zetu ni mnyang'anyi mwenye silaha. Nimewahi kumsikia kijana mmoja kule Pwani akijitambulisha kwa wageni kuwa yeye ni 'gaidi mwenye leseni'. Wageni walifurahi, sisi wenyeji tulishika mbavu. Unguja nako, vijana wanaowaandama watalii mitaani huitwa mapapasi, na papasi ni aina ya kupe. Tukisema 'mtembezi', hatujui kama ni mtu anayetembea au anayetembeza bidhaa. Mimi nitatumia 'mwelekezi', kwa sababu kuelekeza ni kuonyesha njia na pia kufafanua jambo hadi likaeleweka.

Nimeanza na neno kwa sababu jambo lisilo na jina zuri aghalabu huwa halijapata heshima yake. Hoja yangu wiki hii ni kwamba mji wa Kisii, ambao wenyeji wa Kisii na Nyamira tunauita Getembe au Bosongo, ni mji wa kihistoria kamili, na kwamba tunaupoteza kwa kukosa watu wa kuusimulia.

Niliuona uzito wa jambo hili mbali sana na nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria kongamano la isimu mjini Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, India. Kazi zilipokwisha nilibakiwa na siku nzima kabla ya safari ya kurudi, nikamkodi mwelekezi awe wangu peke yangu. Ahmedabad ilianzishwa mwaka wa 1411 na Sultani Ahmad Shah kwenye ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati. Mji wa kale umegawanyika katika mitaa iitwayo 'pol': vichochoro vyembamba vyenye lango moja, nyumba za mbao zilizonakshiwa zikigusana mabega, na katikati mnara mdogo ambapo ndege huwekewa nafaka. Mwelekezi wangu hakuwa na haraka. Kila tulipofika mlangoni pa mtu alinieleza ukoo uliokaa pale, biashara waliyofanya, na kwa nini wengine walifunga safari kwenda Afrika.

Halafu alinifikisha kwenye msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa mwaka wa 1573. Dirisha lake moja limechongwa katika jiwe mithili ya mti ambao matawi yake yanajisokota mpaka hujui lipi limeanzia wapi. Alinitazama akaniambia, "Bwana, aliyeujenga huu ni mtu wa kwenu." Ni kweli. Sidi Saiyyed alikuwa Mhabeshi, mmoja wa Waafrika waliopanda ngazi katika utawala wa masultani wa Gujarat. Wazao wa Waafrika kama hao, waitwao Wasidi, wapo Gujarat hadi leo, na ngoma yao wanaiita 'goma'. Mwanaisimu hahitaji kuambiwa mara mbili neno hilo limetoka wapi.

Nilipouliza imekuwaje mji uliojaa pikipiki na makelele ukahifadhi simulizi zake hivyo, jibu lilikuwa rahisi. Mwaka wa 1997 baraza la mji lilianzisha matembezi ya asubuhi yenye waelekezi, kwa miguu, kutoka hekalu moja hadi Msikiti wa Ijumaa. Miaka 20 baadaye, mwaka wa 2017, UNESCO iliutangaza mji ule wa kale kuwa urithi wa dunia, mji wa kwanza wa India kupata hadhi hiyo. Zingatia mpangilio wa mambo: matembezi na masimulizi yalitangulia, hadhi ikafuata. Sisi husubiri hadhi ije kwanza ndipo tuanze kusimulia.

Sasa hebu tuje Getembe. Tuseme mgeni ameshuka kwenye matatu kutoka Nairobi na amekupa saa tatu umzungushe. Utamwambia nini?

Mimi ningeanza na jina. Wagusii huita nchi ya kila ukoo kwa kiambishi 'Bo': nchi ya Ababasi ni Bobasi, ya Abanchari ni Bonchari. Mzungu kwa Ekegusii ni 'Omosongo', wingi 'Abasongo'. Bosongo basi ni nchi ya Wazungu. Wazee wetu waliuchukulia mji ule kama himaya ya ukoo mwingine uliohamia, wakaupa jina kwa kanuni ileile waliyotumia kwa koo zao. Ndani ya neno moja kuna habari nzima ya jinsi ukoloni ulivyoeleweka. Getembe ni jina la zamani zaidi, na mwenye sikio la Ekegusii husikia humo 'omotembe', mti wenye maua mekundu. Simulizi zinasema nabii Sakawa alitembea mahali hapo kabla ya Wazungu kufika, akaonyesha yatakaposimama majengo ya utawala wao. Yaani, kwa mujibu wa wazee, mwelekezi wa kwanza wa mji wa Kisii aliutembeza ukiwa bado nyasi.

Kisha ningemsimamisha mgeni karibu na ofisi za serikali. Mwaka wa 1905 Waingereza walituma msafara wa kijeshi kuwaadhibu Wagusii, mikuki ikakutana na bunduki za rashasha. Mwaka wa 1907 walifungua kituo cha utawala, msimamizi wake akiwa kijana aitwaye G.A.S. Northcote. Ulimi wa Kigusii ulilibadili jina hilo likawa Nyarigoti. Januari 1908, Otenyo wa Kitutu, akihimizwa na mganga na nabii Moraa, alimchoma Nyarigoti mkuki. Northcote hakufa. Kilichofuata kilikuwa msafara mwingine wa kuadhibu, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatwaliwa, watu wakauawa kwa wingi kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri katika Wizara ya Makoloni mjini London, alipeleka simu ya kuhoji kama kulikuwa na haja ya kuendelea kuwaua watu wasio na njia ya kujitetea. Otenyo aliuawa. Simulizi za jamii zinasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na wito wa kurejeshwa kwa mabaki yake umesikika mara nyingi. Northcote yeye alipanda vyeo hadi akawa gavana wa Hong Kong kuanzia mwaka wa 1937.

Je, ni wanafunzi wangapi wanaopita hapo kila asubuhi wakijua hayo? Tunawapeleka watoto wetu Mombasa kuiona Ngome ya Yesu, jambo ambalo sina ugomvi nalo, ilhali basi lao limepita kwenye historia inayoanzia langoni mwa shule zao.

Kituo cha tatu ni maduka ya zamani ya Wahindi. Hapa ndipo Getembe na Gujarat zinapoamkuana. Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, wafanyabiashara kama Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, walieneza maduka yao kando ya njia hiyo na kuizunguka ziwa. Waliofika Kisii walifuata njia ya bandari ya Kendu Bay, kisha wakapanda mlima na shehena zao. Walileta nguo, chumvi na sukari. Walileta pia maneno. Duka, gari, bima, bepari, laki na chapati ni maneno ambayo Kiswahili kiliyapata kutoka lugha za India, kikayafanya yake. Ekegusii nacho kikayapokea kutoka Kiswahili: 'eduka', 'egari'. Tazama hasa neno pesa. Limetoka 'paisa' ya India, likawa pesa pwani, na lilipopanda milima ya Gusii likakutana na lugha isiyo na sauti ya P. Likawa 'chibesa'. Mama anayeuza ndizi sokoni Keroka akitaja chibesa anatamka safari ya Bahari ya Hindi yote kwa pumzi moja.

Lakini mwelekezi mwaminifu hawezi kuishia kwenye chapati. Septemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa na wiki chache tu, majeshi ya Wajerumani yalivuka kutoka Tanganyika yakauingia mji wa Kisii. Tarehe 12 mwezi huo yalipambana na askari wa King's African Rifles, kisha pande zote zikaondoka. Mji ukabaki hauna mwenyewe. Baadhi ya wenyeji waliamini kwamba utawala wa Wazungu umekwisha, wakavamia ofisi, maduka ya Wahindi na hata misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu na ile ya Waadventista ya Nyanchwa. Serikali iliporudi, ililipiza kwa ukali.

Kuna watakaosema sura hiyo isitajwe, kwamba inatuaibisha. Mimi naona kinyume. Ukiificha, utamwonyesha mgeni Mgusii asiyekuwa mtu, mtu wa kuonewa tu. Ukiisema, lazima pia ueleze kwamba uvamizi ule ulitokea miaka 6 tu baada ya ng'ombe wao kutwaliwa kwa mtutu wa bunduki, na kwamba mwenye duka aliyepoteza mali hakuwa ndiye aliyetuma bunduki hizo. Historia ina dhuluma zinazopishana njiani. Kazi ya mwelekezi ni kuzionyesha zote bila kuzichanganya.

Kabla saa tatu hazijaisha ningempitisha mgeni mtaa wa Nubia, ambao jina lake linakumbusha askari wenye asili ya Sudan waliokuja na jeshi la mkoloni, wakaweka makao. Wagusii, Wahindi, Wanubi, Waluo, Waswahili: katika mji wa namna hiyo, lugha iliyowakutanisha sokoni ni Kiswahili. Kwa hiyo anayedai kuwa Kiswahili ni kitu cha kigeni Kisii hajautembea mji wake.

Akiwa na siku ya pili, mgeni angepelekwa Nyamira, juu ya ukingo wa Manga, auone mji wote ukiwa bondeni; kisha Borabu, ambako mashamba yaliyokuwa ya walowezi yaligawiwa wananchi baada ya uhuru. Angeshuka Tabaka kwenye machimbo ya mawe laini, aambiwe kwamba sanamu ya Elkana Ong'esa, msanii wa huko, inasimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Shirika lililoitambua Ahmedabad tayari lina jiwe la Kisii nyumbani kwake.

Tufanye nini basi? Sipendekezi jengo jipya la mamilioni. Majengo ya namna hiyo tunayajua yanavyoishia kwenye jiwe la msingi. Napendekeza mambo matatu mepesi. Kwanza, Chuo Kikuu cha Kisii kiwafunze wanafunzi wa historia na wa Kiswahili kuongoza matembezi ya saa tatu mjini, kila Jumamosi, kwa ada ndogo ya kumwezesha kijana kupata nauli na chakula. Pili, wanafunzi hao waandike na kurekodi simulizi za wazee na za familia za Kihindi na Kinubi ambazo bado zipo, wakizilinganisha na kazi za wanahistoria kama William Ochieng' na Robert Maxon, ili tusije tukauza uongo mtamu. Tatu, serikali za kaunti za Kisii na Nyamira zikubaliane juu ya njia moja ya matembezi. Mpaka wa kaunti ni wa juzi tu. Moraa na Otenyo hawakuujua.

Hapo atatokea wa kuuliza: nani atalipa ili aonyeshwe Getembe, mji wa foleni za bodaboda na matope? Swali hilo lingeulizwa pia Ahmedabad mwaka wa 1997, na vichochoro vya kule si visafi kuliko vyetu. Mgeni halipi aonyeshwe usafi. Analipa ili mtu anayejua amwambie kisa cha mahali anapokanyaga.

Na haraka ipo. Maduka ya zamani yanabomolewa mmojammoja wake kupisha maghorofa ya vioo, na jengo likishaanguka, simulizi hukosa mahali pa kuegemea. Wazee waliosikia habari za mwaka wa 1914 kutoka kwa baba zao wanazidi kupungua. Kijana anayetafuta ajira Kisii leo ana mtaji huo mlangoni mwake, na hauhitaji mkopo wa benki: unahitaji miguu, masikio na Kiswahili kizuri. Aanze na babu yake kabla ya mwaka huu kuisha, naye asikubali kuitwa gaidi.